Cheti cha reli cha babu kinasema Mmanyema, sisi tunajijua Wagogo. Naomba msaada kwa anayejua habari za Kilimatinde

FundiChangombe (mleta mada)

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma na Manyoni, na salamu kwa wengine wote.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Naomba msaada wa yeyote anayejua habari za watu wa zamani wa Kilimatinde na Saranda, au aliyewahi kufuatilia asili ya ukoo wake akafika pa kueleweka.

Baba alifariki mwaka jana. Katika kushughulikia mirathi tulifungua kasha lake la bati kutafuta hati ya kiwanja, na chini kabisa, ndani ya bahasha ya kaki, tukakuta cheti cha utumishi cha baba yake, Hamisi Feruzi. Kimetolewa na Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki mwaka 1956. Karatasi imekatika kwenye mikunjo, mtu kaiunga kwa selotepu ambayo nayo imeshakuwa rangi ya chai. Kazi: genge la njia, Saranda. Kuzaliwa: takriban 1921, Kilimatinde. Chini kuna alama ya dole gumba kwa wino wa zambarau, imetoka safi mpaka mistari ya kidole inaonekana yote, na kwenye ncha kuna kovu limeikata mistari hiyo kwa mshazari. Babu alifariki sijazaliwa, hata picha yake hatuna. Kovu hilo ndilo kitu cha kwanza cha mwili wake nilichowahi kukiona.

Palipoandikwa kabila, karani ameandika kwa mwandiko wa kulala: Manyema, watu wa asili ya Kongo.

Kaka yangu alipokisoma alikirudisha kwenye bahasha, akasema karani alikosea. Mimi sikuweza kukirudisha.

Sisi tunajijua ni Wagogo. Jina la ukoo tunalotumia ni la Kigogo, sitaliweka hapa kwa sababu ndugu ni wengi na si wote wanaopenda jambo hili lizungumzwe. Tuna mwiko wetu wa ukoo kama ukoo wowote wa huku. Bibi mzaa baba alikuwa Mgogo wa Kintinku, mama yangu ni wa Mvumi. Baba akikasirika, akifurahi, akiota, ilikuwa Kigogo. Hata siku moja hakusema kwamba tumetoka kwingine.

Katika ndugu zake baba amebaki shangazi mmoja, yuko Manyoni. Nilimpigia simu, akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Mwanangu, mtu ni wa pale alipozikwa. Hayo waachie waliokufa." Nikaona simu si mahali pake. Nikapanda basi nikamfuata, tukashinda wote tukichambua mchele, na mazungumzo yakaja yenyewe, kwa vipande.

Anasema babu yake, huyo Feruzi, yeye alimkuta akiwa mzee asiyeona vizuri, anakaa kibarazani. Kwamba hakuwa ametoga masikio, na wazee wenzake walikuwa na masikio yaliyotobolewa na kutanuliwa kama Wagogo wote wa enzi hizo, kwa hiyo hata mtoto mdogo alimwona yuko tofauti. Kwamba alikuwa akisimulia jinsi alivyoiona treni ya kwanza ikipanda Saranda, naye wakati huo ni mtu mzima mwenye kazi yake bomani Kilimatinde. Kwamba alimwoa mama yake Hamisi wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo. Hapo shangazi aliacha kuchambua, akasema kwa sauti ya chini, "Alichukuliwa kwa unga, mwanangu. Hakuna ng'ombe aliyetoka." Na kwamba mzee alipokuwa akigombana na watu wa nyumbani alisema atafunga mizigo arudi kwa Kabambare. Shangazi anadhani Kabambare alikuwa kaka yake au mjomba wake.

Baada ya hapo akafunga mdomo, sikumlazimisha.

Naomba kuelimishwa. Kwa nini mtu aliyezaliwa Kilimatinde, mama yake Mgogo, aandikwe Mmanyema? Huyu Feruzi aliwezaje kutoka huko Kongo mpaka Ugogo? Na hili ndilo linaloninyima usingizi: alikuwa mtumwa? Jibu lolote sina haya nalo. Ninachotaka ni kumjua, kwa sababu watoto wangu wameanza kuuliza na mimi ndiye mkubwa waliyebaki naye wa kumuuliza upande huo.

MstaafuWaNjia

Pole sana binti yangu kwa kufiwa na baba. Nimefanya kazi ya njia kati ya Kintinku na Itigi mpaka nilipostaafu, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

La kabila lisikusumbue. Karani wa reli hakuangalia ulipozaliwa, aliuliza baba yako ni mtu wa wapi. Nimeshika mataruma na Wanyamwezi waliozaliwa Bahi na Waha waliozaliwa Manyoni, ambao Kasulu yenyewe hawajawahi kuiona. Karani hakukosea, na babu yako aliyajibu yale maswali kwa kinywa chake. Mbele ya karani, mwaka 1956, baba yake akiwa hai au amekufa, alisema yeye ni Mmanyema. Hilo lishike.

Kilimatinde ya enzi za Feruzi siyo hii unayoiona leo. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikakatiza Ugogo yote, halafu ikaingia pori la Mgunda Mkali kuelekea Tabora. Huku Ugogo kila mtemi alidai hongo yake, yaani ushuru wa kupita, kwa vitambaa, shanga na nyaya, maana maji yalikuwa ya shida na visima vilikuwa vyao. Ukisimama ukingoni pale Kilimatinde unaliona bonde lote la Bahi chini ya miguu yako, hakuna msafara unaoweza kukupita usiuone. Wajerumani waliweka boma lao pale. Na penye boma pana askari, wapagazi, wapishi, mafundi, wake za askari na wachuuzi. Wengi wa hao walikuwa Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na watu wa pwani. Reli ilipokuja ikapita chini, Saranda, ikapandia Manyoni. Kilimatinde ikabaki juu peke yake, shughuli zikateremka.

Sasa shangazi yako amekupa tarehe bila kujua. Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912. Kwa hiyo treni ya kwanza kupanda Saranda ni kati ya 1910 na 1912. Kama Feruzi wakati huo ni mtu mzima mwenye kazi bomani, basi alizaliwa miaka ya 1880 au mwanzoni mwa 1890, na Kilimatinde aliingia kabla ya reli. Hakuja na genge la ujenzi. Wala hakuja na jeshi la Wabelgiji, maana hao waliishika Tabora Septemba 1916. Huyo alikuja kwa miguu.

Nije kwenye Mtunya, kwa sababu nadhani jibu lako liko hapo, na shangazi yako anaona aibu pasipo na aibu.

Vita vile vya kwanza vilipopita huku, Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipoishika Dodoma katikati ya 1916 nao wakachukua. Kisha mvua ikakataa. Kati ya 1917 na 1920 Ugogo ilikwisha. Makadirio yanayotajwa ni watu kama 30,000 waliokufa wilaya ya Dodoma pekee, katika watu kama 150,000. Mama yangu mzazi alisema watu walichemsha ngozi walizokuwa wakilalia. Watu walitawanyika mpaka Uhehe na Kilosa, na watoto wakaachwa kwenye nyumba zenye chakula ili angalau wapone. Aliyekuwa na posho wakati ule ni mwenye kazi ya serikali au ya reli. Feruzi alikuwa na unga. Baba wa yule binti hakuwa na ng'ombe wa kula wala wa kupokea. Unga ule haukumnunua mtu, uliwavusha watu. Kuna ukoo mzima uliofika mwaka 1921 kwa sababu hiyo, na wewe ni mmoja wao.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa desturi ya Kigogo, ng'ombe ndio wanaomfanya mtoto awe wa baba yake. Mahari yasipotoka, mtoto ni wa kwa mama yake: anachukua ukoo wa huko, anashika mwiko wa huko, anapewa shamba huko. Shangazi amekwambia mwenyewe, hakuna ng'ombe aliyetoka. Basi Hamisi alikuwa wa babu yake mzaa mama kwa haki kabisa. Jina lenu la Kigogo na mwiko wenu mlivipata kwa mama yake. Hakuna aliyedanganya. Baba yako aliposema ninyi ni Wagogo alisema kweli, na Hamisi alipomwambia karani yeye ni Mmanyema naye alisema kweli.

Muulize shangazi mwiko wenu ni wa nani hasa. Ukikuta ni ule ule wa watu wa mama yake Hamisi, huna haja ya karatasi nyingine.

MwanaWaBahi

Dada, kwa heshima zote, haya mambo yaache. Wewe unatafuta asili, lakini ndugu mmoja mwenye tamaa atachukua haya haya uliyoandika aende nayo baraza la ardhi kusema ninyi ni wakuja, hamna haki ya shamba. Na siku ukienda kushughulikia kitambulisho cha taifa ukaanza kutaja Kongo, utazungushwa mpaka ukome. Nimeshuhudia kwa jirani yetu, alisumbuliwa kweli kwa sababu ya jina tu. Wazee walionyamaza walijua kwa nini.

MwalimuNzuguni

Nafundisha historia sekondari. Nianze na hofu ya MwanaWaBahi, maana ni ya kweli na inawafanya watu wengi waache kuuliza.

Uraia wa familia hii hauna mjadala. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa hapa, na angalau mzazi wake mmoja naye amezaliwa hapa, aliingia moja kwa moja kuwa raia. Hamisi alizaliwa Kilimatinde na mama yake ni Mgogo wa hapa hapa. Kwa hiyo hicho cheti cha reli ni cha kutunza, maana kinaonyesha mahali alipozaliwa. Mleta mada, kitoe nakala, kipige picha, na usiongeze selotepu nyingine, inaila karatasi. Kiweke ndani ya bahasha safi, kikae pakavu, bila kukikunja tena.

Kuhusu shamba, MstaafuWaNjia ameshajibu: haki yao inatoka kwa mama.

Swali la utumwa. Dada, nitakueleza ninavyoliona, kisha utaamua mwenyewe. Majina kama Feruzi, Mabruki, Almasi, Baraka na Farhani yalipewa sana watumwa na watu walioachwa huru. Mtoto wa Manyema aliyezaliwa kwao asingeitwa Feruzi, jina hilo alipewa njiani au alikofikia. Lakini jina peke yake halitoshi. Wamanyema wengi walifika huku wakiwa wapagazi wa ujira au askari, na wengine walitekwa wakiwa watoto, wakakulia ndani ya misafara, wakawa wapagazi huru na hatimaye askari wa Wajerumani, mtu mmoja hatua zote hizo. Mpagazi alibeba frasila mbili, kilo 32 hivi, kutoka ziwani mpaka pwani. Aliyeanza safari hiyo akiwa mtoto wa kubeba sufuria ya mtu aliimaliza akiwa kijana mwenye lugha tatu.

Kisheria, Wajerumani hawakuufuta utumwa moja kwa moja. Walitamka kwamba watoto wanaozaliwa kuanzia 1906 ni huru, na maofisa wao walitoa barua za uhuru kwa mtu mmoja mmoja. Waingereza ndio walioufuta kabisa Tanganyika, mwaka 1922. Mtu mwenye kazi bomani mwaka 1911, kwa vyovyote vile alivyoanza, yaelekea hakuwa tena chini ya mtu.

Na kama alianza hivyo, ajue shangazi kwamba hakuwa peke yake. Sheikh Yahya bin Abdallah wa Bagamoyo, anayejulikana kama Shehe Ramiya, aliletwa pwani kutoka Manyema akiwa mtoto mtumwa. Alikuja kuwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kiislamu ya Kadiria nchini, akafariki 1931, na mpaka leo watu wanasafiri kwenda ziara Bagamoyo. Adrian Atiman alitekwa huko karibu na Timbuktu akiwa mtoto, akakombolewa na mapadre, akasomea udaktari Malta, akatibu watu Karema mpaka uzeeni. Hakuna anayewataja hao kwa kunong'ona.

Nyaraka. Majalada ya Wajerumani yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwa Kijerumani na mwandiko wa zamani unaowashinda hata Wajerumani wa leo. Usiende kwa matumaini ya kumkuta Feruzi kwa jina. Kinachokufaa zaidi ni daftari la wilaya la Waingereza, la Manyoni na la Dodoma, ambamo mabwana shauri waliandika habari za makabila, watemi na kodi. Ulizia kwanza utaratibu kabla hujapanda basi, nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho. Kama Feruzi angekuwa Mkristo ningekutuma kwenye vitabu vya ubatizo vya misheni, ambavyo kwa Ugogo ndiyo hazina kubwa kuliko zote. Kwa Mwislamu wa Kilimatinde, hazina yako ni vinywa vya wazee, na vinazidi kupungua.

Vipimo vya vinasaba hujavitaja, ila mtu mwingine ataviuliza, kwa hiyo niseme kabisa: Feruzi ni baba wa babu yako, wastani wa sehemu moja ya nane ya damu yako. Alama inayopita kwa baba na mwana tu, kaka yako anayo, wewe huna. Ila sampuli za watu wa Maniema kwenye hayo makampuni ni chache, utaambiwa "Afrika ya Kati" na fedha zimekwenda. Nauli ya Manyoni itakupa zaidi.

DukaLaUhindini

Dada yangu, pole kwa msiba. Nimezaliwa Uhindini, Dodoma, babu yangu mkubwa alitoka Kutch. Alipanda jahazi Mandvi pamoja na upepo wa kaskazi, akashuka Unguja, akaja bara akifuata reli. Watu wanadhani sisi Wahindi tunajua nasaba zetu zote, na kweli wapo Gujarat watu wa ukoo wa Baroti ambao kazi yao ni kutunza vitabu vya nasaba za watu, baba kwa mwana. Lakini wetu sisi hatujui yuko wapi. Mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa, ndugu wa babu walikwenda Kanada na Uingereza, na karatasi zikaenda na kila mtu kivyake.

Kilichobaki kwangu ni daftari la mikopo la duka la Manyoni, limeandikwa kwa Kigujarati. Mama yangu ndiye anayeweza kulisoma, tulikaa naye tukalipitia. Ninakuandikia kwa sababu hii: mle ndani wateja wa zamani wameandikwa jina na kabila, kwani ndivyo babu alivyowatofautisha. Juma Mnyamwezi, mafuta ya taa. Mabruki Manyema, kaniki na chumvi. Songoro Manyema, jembe, amelipa nusu. Feruzi simwoni, nisikudanganye. Lakini wenzake walikuwepo, dada, walinunua chumvi na walilipa madeni yao. Kulikuwa na mtaa wa watu, hakuwa mtu mmoja aliyepotea njia.

Nikipata nafasi nitakupigia picha kurasa hizo.

MtotoWaUjiji

Nimesoma uzi huu nikasimama niliposoma Kabambare.

Dada, Kabambare ni mji. Uko Maniema, Kongo, magharibi ya Ziwa Tanganyika, kwenye njia ya misafara ya kwenda Kasongo na Nyangwe. Wazee wetu hapa Ujiji wanautaja kama ninyi mnavyoitaja Mpwapwa. Mtu akisema "narudi kwa Kabambare" usishangae, huenda shangazi aliongeza hiyo "kwa" akiwa mtoto. Alikuwa akisema anarudi Kabambare.

Na angalia miaka. Kuanzia 1892 kulikuwa na vita kule kati ya majeshi ya Mfalme Leopold na Waarabu na Waswahili wa Manyema. Mwenye nguvu wa mwisho upande ule alikuwa Rumaliza, Muhammad bin Khalfan, mtu wa Ujiji. Januari 1894 Kabambare ilitekwa, Rumaliza akakimbilia huku kwa Wajerumani. Watu walivuka ziwa kwa wingi miaka hiyo, wengine na mabwana zao, wengine wamekimbia tu na watoto wamebebwa mgongoni. MstaafuWaNjia amesema Feruzi alizaliwa miaka ya 1880 au mwanzoni mwa 1890. Hesabu inakubali.

Jambo moja ujue kabla hujaja huku: Mmanyema ni jina la jumla. Ndani yake kuna Wabangubangu, Wakusu, Wagoma, Wabwari, Waholoholo, Wabembe na wengine. Kabambare ni sehemu za Wabangubangu, ndiyo maana ningeanzia hapo. Huku wako wazee wa Kibangubangu, na majina ya nyumbani wanayajua. Nitumie chochote alichosema mzee kisichokuwa Kigogo wala Kiswahili. Jina la mama yake, jina la mto, neno la kumwita mtoto, wimbo. Hata nusu. Nitalipeleka kibarazani baada ya Ijumaa.

FundiChangombe (mleta mada)

Shikamooni wazee, na ahsanteni wote. Nimewasoma nikiwa kwenye cherehani, nikaacha kazi ya mteja.

MstaafuWaNjia, nilimpigia shangazi nikamsomea maneno yako yote, mpaka pale uliposema unga haukumnunua mtu. Alilia, na mimi nikalia. Halafu akauliza, "Huyo mzee ni wa nani?" Nikamwambia ni mtu wa reli, akasema basi anajua. Nikamuuliza mwiko. Ni ule ule wa kwa mjomba wake Hamisi, akasema hilo kila mtu nyumbani analijua, ni mimi tu nilikuwa sijauliza. Na kwa kinywa chake ameongeza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amenieleza: miaka mingi baadaye Feruzi alipeleka ng'ombe kwa wakwe zake, ng'ombe wawili, akiwa mzee na Hamisi ameshaanza kazi. Wale wakwe waliwapokea, wakala naye, ila mtoto wakasema abaki wao. Akakubali. Shangazi anasema ndiyo maana Feruzi akazikwa kwenye shamba la ukweni, sehemu yenye mawe, na si makaburi ya watu wa boma.

MwanaWaBahi, nashukuru kwa kunijali, na kwa ajili yako sitataja jina la ukoo wala kijiji. Lakini nitaendelea. Kaka yangu nimempa asome majibu ya Mwalimu kuhusu 1961, na jana yeye mwenyewe ameomba nakala ya cheti.

DukaLaUhindini, mwamkie mama, mwambie naisubiri hiyo picha. Hata wasipokuwa ndugu zangu, nataka kuyaona majina yao.

MtotoWaUjiji, shangazi nimemwambia Kabambare ni mji. Alirudia mara kadhaa, "Mji?" Kisha akaanza kukumbuka. Haya ndiyo aliyonipa, nayaandika kama alivyoyatamka, mengine huenda yamepinda. Mama yake mzee alimwita Mwayuma. Watoto wadogo aliwaita jina ambalo shangazi analisema "kaana" au "kana", hana hakika. Alikuwa hali nyama ya nyani hata wakati wa njaa, na hilo si mwiko wetu wa Kigogo. Alijua kusuka mikeka ya aina ambayo huku haisukwi, yenye mistari myeusi, na alikuwa akilalamika huku hakuna miti yake. Na alisema kwao kuna mto ambao samaki wake wanakaushwa juu ya moto, jina la mto shangazi halikumbuki ila linaanza na "Lu".

Naomba uwapelekee wazee wa kibarazani. Wakiuliza Feruzi alikuwa na ndugu, waambie hatujui. Wakiuliza aliacha watu, waambie tupo wengi, na simu yangu nimekutumia pembeni.